Homa Iliyoishia Mlangoni

Afande Kupe alikuwa anaumwa na hakutaka mtu ajue. Tangu alfajiri maungo yalikuwa yanamvunjika, kichwa kinamgonga, na lile jua la gatini ambalo wenzake kwenye foleni walilikimbia kwa miavuli, yeye alilitamani lizidi. Alijitia ukaidi. Alivaa miwani ya jua, akabeba kimkoba cha safari, akajipanga na abiria wa meli ya kitalii kama mama yeyote anayekwenda kula raha zake baharini.

Jina la Kupe alipewa na wenzake kazini, kwa kuwa akishamganda mtu habanduki. Alijifanya kulichukia. Ukweli ni kwamba alilipenda kuliko jina alilopewa na baba yake.

"Afande, mbona sauti yako hivyo?" Sajini Kabati alimwuliza kwenye simu.

"Vumbi."

"Gatini hakuna vumbi, afande. Mficha maradhi, wahenga walisema..."

"Wahenga hawakuwa na kazi leo. Tazama picha zako, sajini."

Kabati alikuwa ofisini kwa walinzi wa meli, mwanamume mpana ambaye mlango wa kawaida aliuingia kwa ubavu. Kila abiria aliyepanda ilikuwa lazima asimame mbele ya kamera juu ya ngazi: vua kofia, fumbua macho, tazama hapa. Akishapigwa picha ndipo anapewa kadi ya kutembelea humo melini. Picha zote zilitokea kwenye kioo mbele ya Kabati, naye kazi yake ilikuwa kutafuta sura mbili tu, ya bibi mmoja mzee na ya mtoto wa kaka yake.

Bibi huyo alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Alikuwa ametoweka nyumbani kwake. Mpwa wake aliwaambia ndugu wote kwamba shangazi amekwenda kupumzika kwa jamaa, na ndugu wote wakaitikia vizuri, apumzike, amechoka. Mjukuu wake peke yake, binti anayeishi naye, ndiye aliyekwenda kituo cha polisi akiwa ameshika miwani ya bibi mkononi. "Bibi haendi hata msalani bila hii," alisema. "Atakwendaje safari?" Maafisa wawili walimwambia akatulie nyumbani. Wa tatu alikuwa Kupe.

Kupe aliuliza huku na huku, akaambiwa kuhusu nyumba ya ukoo ambayo bibi alikataa katakata kuiuza, na ambayo siku akifumba macho inamwangukia huyo mpwa. Alikwenda kumtafuta mpwa akakuta chumba kitupu, na ndani ya ndoo ya takataka kibandiko cha mizigo cha meli hii. Kampuni ya meli ilipoulizwa ikasema haina abiria wa jina la mpwa wala la bibi. Bosi wake Kupe naye akasema yake. "Siwezi kusimamisha meli nzima kwa sababu ya kibandiko na miwani. Tazameni sura za watu. Msipomwona, meli iende."

Hapo ndipo palipomkosesha Kupe usingizi kabla hata homa haijaja. Meli ikishafungua kamba, mkono wa polisi hauifikii tena. Na mzee akidondoka baharini, nani atajua kama aliteleza au alisukumwa?

"Afande, nimempata," Kabati, aliyekuwa akichungulia foleni dirishani, alisema ghafla. "Mbele yako. Kiti cha magurudumu."

Kupe alinyoosha shingo. Kweli, watu watatu mbele yake palikuwa na bibi kizee kwenye kiti cha magurudumu, kajitanda shali mpaka puani, na kijana mmoja anamsukuma kwa haraka isiyo na adabu. Kabati alikwishatoka ofisini. Alimsimamia bibi yule kama ukuta, akamwomba kwa upole ajifunue uso.

Bibi alijifunua, na hakuwa yeye. Alimpiga Kabati mkoba wa kifua.

"Mjukuu wako huyu anakupeleka wapi, bibi?" Kabati alijikaza kuuliza.

"Mjukuu gani? Huyu mume wangu. Tunakwenda fungate. Kuna sheria inayokataza?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Kabati alirudi ofisini akijipangusa kifua, na Kupe, ambaye siku nyingine angecheka mpaka machozi, alijishika kwenye kamba ya foleni kwa sababu ardhi ilikuwa inamwinukia. Foleni nayo ilikuwa inaisha. Sura ya bibi haikuonekana, wala ya mpwa wake, na baharia mmoja alikuwa ameanza kukagua kamba za nyuma ya meli.

Chini ya ngazi palisimama msichana mwenye barakoa, ameshika kile kipimo cha homa kinachoelekezwa kwenye paji la uso kama bastola. Alikielekeza kwa Kupe. Kikalia vibaya.

"Mama, unaungua. Pita huku tafadhali."

"Mwanangu, mimi ni sawa kabisa. Ni jua tu."

"Jua limetuwakia sote, mama. Huku tafadhali."

Mara alikuwa amekwishapitishwa mlango wa pembeni, mlango mdogo wa chuma ubavuni mwa meli, akapandishwa lifti ya mizigo na kuingizwa zahanati ya meli iliyonuka dawa ya kusafishia sakafu. Hasira zilimpanda. Miaka yote hiyo ya kazi, majambazi wamemkimbiza, mbwa wamemng'ata, leo anashindwa na homa mbele ya mlango wa meli.

Daktari wa meli alikuwa mtu mwembamba, mkavu, mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Kupe alimwonyesha kitambulisho cha polisi. Daktari akakisoma pande zote mbili, akamrudishia, akamtia kipimo kwapani.

"Afande, homa haijui cheo," alisema. "Kikisoma juu, ama unateremka au unalala chumba cha kutengwa. Kuzurura melini, hapana."

"Nina kazi, daktari. Kuna maisha ya mtu."

"Na mimi nina maisha ya meli nzima."

Kipimo kilipolia daktari alikitazama, akamwonyesha muuguzi wake, mama mmoja mnene mchangamfu aliyekuwa akikunja mashuka. "Haya, angalau safari hii ile bastola ya mlangoni imesema kweli," alisema.

Kupe aliinua kichwa. Kichwa kilikuwa kizito, lakini sikio halikuwa na homa.

"Kwani ilisema uongo lini?"

"Aa, mambo ya mitambo," daktari alisema, akimpungia mkono aachane nayo.

Kupe alitazama mlango alioingilia, akajitazama yeye mwenyewe, na kitu kikamjia pole pole.

"Daktari, mimi sijapigwa picha."

"Wagonjwa hawapigwi picha. Nani anataka kupanga foleni nyuma ya mtu anayekohoa? Ukipata nafuu, tunakuita, unapigwa, unapewa kadi."

"Kwa hiyo mtu akipita mlango huu, yumo melini na sura yake haijaonekana na mtu?"

"Tumeiona sisi," daktari alisema kwa ukali kidogo.

"Leo mmeziona sura za nani?"

Muuguzi ndiye aliyejibu, maana alikuwa ni mtu wa kupenda kusimulia. "Alikuja mtoto ana surua, maskini, wakateremshwa, mama yake analia hiyo safari. Halafu yule mzee na kijana wake. Halafu wewe."

"Mzee gani?"

"Mzee tu, kwenye kiti cha magurudumu. Kajikunyata ndani ya koti, kofia mpaka masikioni, skafu mpaka kidevuni. Huyo ndiye tuliyemsema. Mlangoni walituambia anaungua moto. Tukampima kwapani, hana kitu, baridi kama mtungi. Tukawaruhusu waende chumbani kwao."

"Alikuwa macho?"

"Alikuwa amelala fofofo," daktari alidakia. "Kijana wake alisema amemeza vidonge vya kichefuchefu cha bahari. Vile vinalewesha wazee. Mapigo ya moyo yalikuwa ya polepole, lakini yapo vizuri. Sikuona kosa."

"Kijana alisema huyo mzee ni nani yake?"

"Baba yake. Tena pasipoti ilikuwa ya baba yake, sura ileile."

Kupe alimtolea daktari picha ya mpwa kutoka kwenye simu yake. Daktari aliisogeza karibu na macho.

"Ndiye huyo kijana wake," alisema.

"Baba yake amezikwa, daktari. Kaburi lake nimeliona kwa macho yangu. Lakini alikuwa na dada, na hao wawili walifanana kama waliotoka kwenye kalibu moja."

Muuguzi alikaa juu ya mashuka yake. Daktari hakukaa. Alikuwa mtu wa kuamini vipimo, na Kupe aliona wazi kwamba anataka kukataa.

"Afande, una homa kali. Watu wenye homa huunganisha mambo. Yule mzee, mashine ilikosea, basi. Nimekwishaagiza ile mashine ikatengenezwe."

"Vizuri. Basi tuijaribu kabla haijatengenezwa. Iletwe hapa."

Daktari akamwita msichana wa mlangoni. Bastola ikaja. Kupe alijiweka kitini akavua miwani. Msichana akamwelekezea paji la uso, na namba iliyotokea ilikuwa ileile ya kwapani. Wakampima muuguzi juu na chini, zikalingana. Daktari akajipima mwenyewe, mara ya kwanza akiwa na uso wa kejeli na mara ya pili akiwa hana.

"Mashine yako ni nzima," Kupe alisema. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, lakini moyoni alikuwa anapanda juu kama mtu aliyeona mlango wa nyumba yake. "Sasa niambie wewe mwenye elimu ya miili. Paji la uso linaungua, kwapa ni baridi. Ugonjwa gani huo?"

Daktari akatikisa kichwa. "Hakuna ugonjwa huo."

"Basi ni nini?"

"Paji limekandwa," alisema taratibu. "Kitu cha moto. Ndani ya kofia."

"Ahsante. Huyo kijana alitaka bastola ilie ili wapitishwe mlango wa pembeni. Mbele ya kamera angevuliwa kofia na kuambiwa afumbue macho, na huyo bibi hawezi kufumbua macho. Akishafika hapa kwako alitaka kipimo kiseme ni mzima, ili asiteremshwe. Amekutumia mlangoni na amekutumia humu zahanatini, daktari."

Daktari alibadilika rangi. Watu wa namna yake unaweza kuwatukana wazazi wakakusamehe, lakini usichezee vipimo vyao.

Meli ilitetemeka. Injini ziliwashwa. Kupe aliinuka, magoti yakakataa, akakaa tena, akapiga simu. Kabati alijibu kwamba mkuu wa ulinzi ameongea na nahodha, na nahodha amesema picha zote zimetazamwa, hakuna bibi, kamba zinafunguliwa.

"Mwambie asubiri."

"Nimemwambia, afande. Anasema polisi hawamwambii lini aondoke."

Kupe alimgeukia daktari. "Polisi hawamwambii. Je, daktari?"

Kwa mara ya kwanza yule mtu mkavu alitabasamu, tabasamu dogo lisilo na huruma. Akanyanyua simu ya ukutani. "Nahodha? Daktari hapa. Nina mgonjwa melini ambaye homa yake siielewi. Siruhusu meli iondoke mpaka nimwelewe." Akasikiliza. "Ndiyo, najua ni hasara. Ugonjwa ukienea ni hasara zaidi." Akakata.

Injini zikazimwa. Kupe alitamani kumkumbatia, akakumbuka kwamba anaambukiza.

Walipanda watatu, daktari mbele, muuguzi nyuma yake, na Kupe mwisho, amevishwa koti jeupe na barakoa, anaburura miguu. Kabati naye aliruhusiwa kupanda, akaambiwa asimame kwenye kona ya korido asionekane, jambo lililomwia gumu. Daktari akabisha hodi.

Mpwa alifungua kidogo. Alikuwa kijana mtanashati, ananukia manukato, na uso wake ulikuwa na adabu zote.

"Daktari. Kuna tatizo? Nasikia hatuondoki."

"Nimekuja kumwangalia mzee mara ya pili. Kawaida tu."

"Amelala. Homa imekwisha kabisa."

"Homa ipi?" Kupe aliuliza nyuma ya barakoa. "Kwapani hakuwa na homa."

"Ile ya mlangoni, muuguzi."

"Ilimwanza lini?"

"Jana. Jana usiku."

"Pole. Na jana usiku mlimpa dawa gani ya homa?"

"Hakupewa. Yaani, alipewa maji tu. Nilimpa vidonge vya kichefuchefu asubuhi."

"Mtu ana homa usiku kucha, hukumpa kitu. Meli imefungwa kamba, ukampa dawa ya mawimbi."

"Ni ya kukinga," mpwa alisema. Bado alikuwa anatabasamu, ila mkono wake ulikuwa umeushika mlango kwa nguvu. "Jamani, mzee wangu anahitaji utulivu."

"Tutamwangalia kwa utulivu," daktari alisema, akausukuma mlango kwa bega.

Kitandani mtu alilala chali, blanketi limefika kidevuni, kofia ya sufi kichwani. Chumba kilikuwa na joto. Dirisha la kwenda kwenye roshani lilikuwa limeachwa wazi, na nje ya roshani maji yalionekana kijani kibichi, mbali huko chini. Kupe aliyatazama maji yale mara moja, mwili ukamsisimka, na hiyo haikuwa homa.

"Mzee wako analala na kofia kwenye joto hili?" Kupe aliuliza.

"Anaumwa baridi ya kichwa."

"Muuguzi, mvue kofia tumwone."

Mpwa aliruka mbele, lakini muuguzi alikuwa karibu zaidi, na mikono yake ilizoea kugeuza watu wakubwa kuliko huyu. Akaivuta kofia. Kikadondoka kifuko cha mpira, kile cha kutilia maji ya moto cha kukandia mgongo, kikaanguka sakafuni kama chura. Chini ya kofia palikuwa na nywele nyeupe, zimesukwa mistari membamba, safi, kwa mkono wa mtu anayempenda anayemsuka.

"Baba yako anasukwa nywele?" Kupe aliuliza, akivua barakoa.

Mpwa aliwatupia macho wote watatu, akaona mgonjwa anayetetemeka, mwanamke mnene na daktari mwembamba, akapiga hesabu yake, akawapita mbio mpaka mlangoni. Akatoka koridoni. Kilichofuata ni kishindo kimoja kizito, na sauti ya Kabati inayosema bila haraka, "Unakwenda wapi, mdogo wangu? Hapa pamejaa."

Alirudishwa ndani amefungwa pingu, manukato yake yamevurugika.

"Huyu ni shangazi yangu," alianza. "Nilikuwa nampeleka kupumzika. Mambo ya familia haya."

"Kwa pasipoti ya marehemu, na wewe kwa jina la kuazima?" Kupe alisema. "Angedondoka baharini ungemlilia nani? Baba yako aliyekwishazikwa. Hakuna mtu ambaye angekuwa amekufa; shangazi yako angehesabiwa amepotea tu, mpaka mahakama iseme amefariki na nyumba ikuangukie. Kaa chini."

Akakaa chini. Kikulacho ki nguoni mwako, Kabati alinong'ona, na safari hii Kupe hakumkatiza.

Daktari alikuwa ameshapiga magoti kando ya kitanda, anamsikiliza bibi kifua. Alimchoma sindano, akamsugua viganja, akamwita. Akamwita tena. Kupe alisimama ameshika ukuta, na kwa kitambo hicho alisahau kwamba anaumwa, maana aliogopa kweli kweli. Kisha kope za bibi zikacheza. Akafumbua jicho moja, akaangalia dari, akaangalia koti alilovaa, akainua blanketi akachungulia chini.

"Nani kanivika suruali?" alisema kwa sauti iliyokauka.

Muuguzi alicheka huku analia. Kabati aligeukia ukutani. Kupe alijibu, "Aliyekuvika tunaye, bibi."

Wakamteremsha kwa ngazi kuu, mbele ya watu wote. Daktari alitaka machela, bibi akasema yeye si gunia la mkaa, akashuka kwa miguu yake akimwegemea Kabati. Abiria walikuwa wamejaza roshani zote kutazama meli imekwamia nini, na habari zilikwishapanda orofa kwa orofa. Makofi yalianzia juu kabisa, yakashuka, hata wapishi wakatoka wakagonga sinia. Yule bibi wa fungate alipiga mluzi wa vidole viwili. Nyuma yao mpwa aliteremka ameinamisha kichwa, na hakuna aliyemtazama sana, walikuwa na jambo zuri zaidi la kutazama.

Kupe alishuka mwisho. Alipofika chini alikaa juu ya begi la mtu asiyemjua, akaegemeza kichwa kwenye nguzo.

"Afande?" Kabati alimwita.

"Kazi imekwisha, sajini. Sasa niache niumwe."

Mjukuu alikuwa amezuiliwa nyuma ya uzio tangu asubuhi. Alipomwona bibi yake hakungoja geti lifunguliwe, aliuruka uzio na sketi yake, akaja mbio, akasimama hatua moja mbele yake, kama anayeogopa kumgusa asije akapotea. Bibi hakuwa na miwani. Ilimbidi asogee mpaka karibu kabisa na uso wa binti.

"Waliniambia umekwenda kupumzika," mjukuu alisema, machozi yanamtiririka. "Wote, bibi. Wajomba, mashangazi, hata polisi wengine. Walisema nina wazimu."

"Nawe ukaamini?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, bibi."

Bibi alimvuta kichwa akakilaza begani kwake, juu ya lile koti la kiume.

"Ndiyo maana nilikulea mwenyewe," alisema, akamshika mkono, akamwongoza kuelekea gari la wagonjwa.